Waya ya Breki Shingoni mwa Waliaula

Kaka yangu Waliaula aliwahi kung'oa jino lake mwenyewe kwa koleo. Wala hakujificha. Alikaa juu ya fungu la miwa huko Muhoroni, saa nne asubuhi, wenzake wakinywa chai, akaingiza koleo mdomoni, akavuta, akatema, akasukutua kwa chai ileile na kuimeza. Kisha akauliza kama kuna mkate umebaki. Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa kisa hicho mara nyingi hata naweza kukwambia rangi ya mpini wa koleo. Ulikuwa mwekundu.

Watu hupenda kunisimulia mimi hasa. Wakishajua kwamba mimi ni mdogo wake, na kwamba jina langu ni Enos, wanasimulia huku wananiangalia usoni, na najua wanatafuta nini.

Basi nianze na mwaka 1988, kwa sababu bila mwaka huo hakuna Waliaula, na mimi pia sipo. Kwetu Bukusu tohara hufanyika mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti, na mwaka ule ulitukuta wote wawili tumefikia umri, yeye miaka kumi na mitano, mimi kumi na minne. Alfajiri tulipelekwa mtoni tukapakwa tope baridi kutoka utosini hadi vidole vya miguu, tukarudishwa mbio uwanjani kwa baba huku watu wakiimba. Mkubwa hutangulia. Waliaula akasimama, akakazia macho paa la nyumba ya nyanya, na kisu kikafanya kazi yake. Watu hawaangalii kisu siku hiyo, wanaangalia macho ya kijana. Macho ya Waliaula hayakupepesa hata mara moja. Wanawake walipiga vigelegele, na baba alivua kofia yake akairusha juu.

Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Niliona kila kitu. Tope lilikuwa linanikaukia mgongoni, baridi inanitetemesha magoti, na zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshakatwa mara mia ndani ya kichwa changu. Kisu kiliponigusa nililia. Sisemi niliguna au nilisaga meno. Nililia kwa sauti, nikamwita mama. Sikukimbia, na miguu yangu haikutoka pale ilipowekwa, lakini hilo nani alilihesabu? Kofia ya baba ilibaki kichwani.

Tangu siku hiyo kila mmoja wetu alipewa maisha yake. Waliaula akawa mtu wa kutajwa. Mwaka 1993 alikwenda Muhoroni kupakia miwa kwenye matrela, kazi inayowavunja vijana wenye nguvu wakiwa bado hawajaoa, na yeye ameifanya miaka thelathini. Mke na watoto wako Kimilili, yeye analala kwenye chumba kimoja cha mabati karibu na mashamba. Huko wanamwita Jiwe. Hajawahi kumeza dawa ya maumivu. Hajawahi kulala kitanda cha hospitali. Mwenzake akishika kiuno na kusema mgongo unauma, Waliaula humcheka mpaka mtu anainama tena na kubeba.

Mimi nilikuja Kisumu. Ninatengeneza pikipiki hapa Kondele, karibu na steji ya bodaboda, na nilipapenda mahali hapa tangu siku ya kwanza kwa sababu Wajaluo hawakuwa na haja ya kujua nililia wapi wala lini. Wana mambo yao. Waliniuliza kama najua kufunga cheni, nikasema najua, tukaanza maisha. Waliaula na mimi tulikuwa tukionana matangani tu, na kila tulipoonana alinipa mkono na kuniuliza mbele ya watu, "Enos, bado unalia?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Miaka thelathini na sita nimecheka, na hakuna hata mara moja niliyofurahi.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, nilikuwa nimechuchumaa kando ya pikipiki ya mteja, nimeshachomoa waya ya breki ya zamani na kuvaa mpya shingoni ili nisiipoteze kwenye vumbi, simu ikalia. Namba sikuijua.

"Hallo, wewe ndio ndugu ya Waliaula?"

"Ndio mimi."

"Ndugu yako ameumia. Lakini hajaumia."

"Ameumia ama hajaumia?"

"Mguu imekatika, mzee. Lakini yeye anasema haiumi. Sasa sisi hatujui ni gani. Tumemleta huku Kisumu kwa nguvu. Kuja."

Nilisimama pale na simu sikioni. Mguu umekatika, na hauumi. Maneno hayo mawili hayakai kwenye sentensi moja, na mtu aliyenipigia aliyasema kana kwamba anauliza njia ya kwenda sokoni. Nilimwambia mteja asubiri, nikapanda nyuma ya pikipiki ya kwanza iliyokuwa na mafuta, na sikukumbuka kuvua ile waya.

Mtu wa simu alikuwa akinisubiri kwenye lango la hospitali, na jina la hospitali nitaliacha. Aliitwa Wandera, Msamia mrefu mwenye vumbi la miwa mpaka kwenye nyusi. Akanieleza tukitembea, na kila alichosema kilinifanya nisimame.

Trela lilikuwa limejaa. Cheni inayofunga mzigo ikakatika, na miwa yote ikammwagikia mwenzao aliyeitwa Oketch, ikamfunika kabisa. Cheni hiyohiyo, ikiruka, ilimchapa Waliaula mguu wa kulia na kulabu yake ya chuma ikaichana nyama ya nyuma, chini ya goti. Ila hakuna aliyejua hilo, kwa sababu Waliaula mwenyewe hakusema neno. Alianza kuvuta miwa kwa mikono. Alimfikia Oketch, akamtoa, akamweka mgongoni, akatembea naye katikati ya visiki vya miwa mpaka barabarani. Ni umbali wa viwanja viwili vya mpira. Akamlaza nyuma ya pikapu, akaipiga ubavuni ili iondoke kwenda Kisumu.

"Alafu?" nikauliza.

"Alafu akarudi. Akakaa chini, akakula nyoyo, ile ya mahindi na maharagwe."

"Akala?"

"Sahani mzima. Akasema tu buti yake imeingia maji. Mimi nikamwambia, mzee, leo hakuna mvua. Akavua." Wandera akashika mdomo. "Damu ilimwagika hapo chini, bwana, mpaka kuku wakakimbia. Na mfupa ilikuwa inaonekana. Yeye anaangalia tu, anasema, kumbe."

Nilishika ukuta. Mimi natazama damu za watu wanaoanguka na pikipiki kila wiki, lakini hili la sahani ya mahindi na maharagwe lilinimaliza. Wandera alidhani sijamwamini, akarudia kwamba ilikuwa sahani nzima. Kisha akaniuliza jina langu ili amwambie askari wa mlangoni.

"Enos," nikasema.

Akasimama wima. Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni kwa mshangao usiofichika.

"Enos? Enos mwenyewe?"

"Enos mwenyewe namna gani?"

Akaona aibu, lakini alikuwa ameshasema. Ikabidi anieleze, na alieleza akiangalia chini. Huko Muhoroni, kati ya wapakiaji wote, mtu akilalamika juu ya mgongo au bega anaambiwa asiwe Enos. Kijana mpya akitaka kupumzika wanasema leo tumepata Enos. Wandera alikuwa na miaka kumi na moja kwenye kazi hiyo na alidhani Enos ni mtu wa hadithi tu, mtu wa zamani. Hakujua kwamba nina mikono, na kwamba natengeneza pikipiki.

Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Kuchekwa matangani nilikuwa nimekuzoea. Lakini jina langu, ambalo mama alilichukua kwenye Biblia, lilikuwa limetumika miaka thelathini kwenye mashamba ya watu nisiowajua, kuwachapa vijana wagonjwa warudi kazini. Na aliyelipeleka huko ni ndugu yangu wa tumbo moja. Niliingia chumba cha dharura nikiwa sijui kama nakwenda kumsaidia au kumchapa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi. Kitanda kilikuwa pale, na yeye amekaa kwenye benchi. Mguu ulikuwa umenyooshwa juu ya kiti, umefungwa vitambaa vilivyolowa, na mbele yake alisimama kijana mwembamba aliyevaa koti jeupe, mikono kiunoni.

"Enos," Waliaula akasema, akitabasamu kwa meno yake yaliyobaki. "Bado unalia?"

Niligusa unyayo wake. Ulikuwa mweupe kwa chini na baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Nikaminya kidole gumba cha mguu, nikaminya tena kwa kucha. Hakutikisika.

Kijana wa koti jeupe aliitwa Dishon Ondiek, Mjaluo wa upande wa Kombewa. Si daktari kamili, ni afisa wa kliniki, lakini mgonjwa gani anajua tofauti. Akanivuta kando ingawa alikuwa akiongea kwa sauti ya kutosha Waliaula kusikia.

"Wewe ndio jamaa yake? Sikiza. Mfupa ile nyembamba imevunjika. Hiyo si shida kubwa, mtu anaweza tembea nayo. Shida ni mshipa wa damu. Imebanwa, pengine imechanika. Damu haifiki chini. Daktari wa upasuaji ako tayari, chumba iko tayari. Tukimpeleka sasa, mguu itapona. Tukingoja mpaka jioni, tutaikata hapa." Akajigusa juu ya goti. "Na mzee anakataa kuweka sahihi."

"Haiumi," Waliaula akasema kutoka kwenye benchi. "Kitu haiumi si ugonjwa. Shona, funga, mimi niende. Kwanza niambie Oketch ako aje."

"Oketch bado anashughulikiwa, Jaduong', mzee wangu. Lakini mguu yako—"

"Ikianza kuuma nitakuambia."

Nilimwendea nikapiga magoti mbele yake. Nilimwambia kwa Kibukusu, lugha ya mama, kwamba mguu umekufa nusu na nusu nyingine inafuata. Nilimwambia juu ya mke wake Kimilili. Nikamwambia nitaweka sahihi mimi, Ondiek akatikisa kichwa, mtu mwenye akili zake timamu anajiwekea sahihi mwenyewe. Nikarudi tena kumsihi. Nilisihi mpaka sauti ikaanza kukatika, na hapo ndipo aliponitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto.

"Wewe," akasema, sasa kwa Kiswahili, ili Wandera naye asikie. "Wewe uliyelia kwa kisu ya dakika moja, ndio utanifundisha mguu?"

Wandera alianza kucheka, kisha akajizuia. Mimi nilisimama. Nilitaka kumpiga, na sisemi hivyo kama mfano, mkono ulikuwa umeshakunjwa. Hasira ilinipanda na huzuni pamoja nayo, kwa sababu saa ilikuwa inatembea ukutani na mguu ule ulikuwa unazidi kupoa, na katika watu wote duniani ni mimi peke yangu niliyekuwa pale wa kumwokoa, na ni mimi peke yangu ambaye Waliaula asingeweza kumsikiliza.

"Kisu gani?" Ondiek akauliza kutoka kwenye kabati la vitambaa, alikokuwa amedaka neno hilo moja tu.

Wandera akaeleza, naye alieleza kwa fahari, kana kwamba alikuwepo uwanjani. Tope, alfajiri, paa la nyumba ya nyanya, macho yasiyopepesa, kofia ya baba. Akaongeza jino na koleo. Hakunitaja kwa jina, alisema tu kwamba kulikuwa na wa pili na huyo alilia.

Ondiek alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwao zamani watu waling'olewa meno sita ya chini, babu yake mwenyewe hakuwa nayo, na hakuna siku aliyomsikia akisema hakuumia. Kisha akaona ile waya shingoni mwangu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya breki. Ya pikipiki."

"Nipe."

Nilimpa. Akachuchumaa mbele ya Waliaula, akashika ncha moja ya waya kwa mkono wa kushoto na ncha nyingine kwa wa kulia.

"Mzee, angalia hapa. Mguu ikiumia, habari inapanda kwa uti wa mgongo, inaenda kwa kichwa. Hiyo unajua. Lakini kuna kitu ingine inashuka." Akajishika nyuma ya shingo, pale fuvu linapoishia. "Hapa ndani kuna shina la ubongo. Ni dogo, kama kidole gumba hivi. Kuna chembe za fahamu hapo, zimeunganishwa na zingine chini yao kidogo, na hizo zimetuma nyuzi zao mpaka kwa uti wa mgongo. Kazi yao ni breki. Ukiwa kwa hatari, labda simba amekushika, labda rafiki yako anakufa chini ya miwa, chembe za juu zinavuta, za chini zinabana, na habari ya mguu inazuiliwa hapo chini kabla haijafika kichwani. Mwili hata inatengeneza dawa yake yenyewe hapo, ndugu ya ile kali tunadunga watu. Usiposikia uchungu, si kwamba mguu ni mzima. Ni breki imeshikwa."

Waliaula aliitazama waya.

"Unasema mimi si mwanaume. Unasema ni waya."

"Sijasema hivyo, Jaduong'. Hiyo waya ndio imekusaidia kumbeba Oketch. Ingekuwa mimi pengine ningeanguka. Lakini huwezi kuiamini ikikuambia habari ya mguu. Haiangalii mguu, inaangalia hatari. Hatari ikiisha, itaachilia."

"Na wengine hawana?" niliuliza mimi.

"Kila mtu ako nayo. Lakini haifanyi kazi sawa kila siku. Na kuna kitu mbaya zaidi." Ondiek aligeuka kunitazama. "Nyuzi hizo hizo zinaweza kufanya kinyume. Mtu akiwekwa angoje, aone mwenzake anakatwa, baridi, uoga, chembe zingine hapo ndani zinakanyaga mafuta badala ya breki. Kisu ni ile ile, kidonda ni ile ile, lakini uchungu inafika mara mbili." Akamgeukia Wandera. "Sasa niulize. Yule wa pili, aliyengoja nyuma. Mlimfanya nini?"

Wandera aliangalia dirishani. Nje ya kioo mapaa ya mabati yalikuwa yanashuka kuelekea ziwani na hakukuwa na kitu cha kuangalia.

"Ni mimi," nikasema.

Yawa, Ondiek alisema polepole, yaani jamani kwa Kijaluo. Miaka thelathini na sita nimejiuliza nilikosa nini, nimekosa damu gani aliyonayo kaka yangu, nimefunga, nimeomba, nimejilaumu, na leo kijana wa Kombewa ambaye kwao hawana hata habari na kisu hicho ananiambia ni kwa sababu nilipangwa wa pili. Nilipigwa na butwaa kiasi kwamba kwa dakika hiyo niliusahau mguu.

Waliaula hakunitazama. Bado alikuwa hajakubali, nilimjua, alikuwa amekaza taya lile la tangu utoto. Ondiek aliweka karatasi ya sahihi juu ya paja lake, na kalamu juu ya karatasi, na Waliaula akaiacha kalamu ilale pale.

Hapo mlango ukafunguliwa na nesi akachungulia.

"Wale wa Oketch? Amefungua macho. Mbavu zimevunjika, lakini ataishi. Anauliza ni nani alimbeba."

Niliona mabega ya kaka yangu yakishuka. Alitoa pumzi ndefu, ile pumzi ya mtu anayetua gunia, akasema, "Asante Mungu." Akafumba macho akaegemea ukuta.

Kisha akafumbua.

Sijawahi kuona macho ya namna ile. Yalikuwa macho ya mtu aliyeitwa jina na mtu asiyeonekana. Alitazama mguu wake kana kwamba umeletwa pale sasa hivi. Midomo ikawa ya kijivu, jasho likamtoka uso mzima kwa mara moja, akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Halafu Waliaula, Jiwe, mtu wa koleo, akapiga ukelele.

Alilia kwa sauti ambayo ilifungua milango. Wagonjwa waligeuka, mtoto mmoja kwenye foleni alianza kulia naye, Wandera alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. Alimwita mama. Mama yetu ana miaka themanini na mitatu, yuko Kimilili anachambua maharagwe, na kaka yangu mwenye ndevu nyeupe alikuwa akimwita kwenye chumba cha dharura Kisumu kwa jina lile lile nililomwita mimi. Naapa sikufurahi. Kama kuna mtu anadhani nilifurahi, hajawahi kusikia ndugu yake akilia.

Nilimshika kabla hajaanguka. Alinikamata mkono, akaubana mpaka nikasikia vidole vikigongana. Ondiek alikuwa ameshakimbilia sindano.

"Enos," akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Enos."

"Niko hapa."

"Siku ile. Mimi sikusikia kitu." Akavuta pumzi, akalia tena, akarudi. "Unasikia? Kisu, sikusikia kitu. Niliona tu watu wanafurahi. Nilidhani kila mtu hasikii. Nilidhani wewe ulikuwa unalia bure."

Nilimfuta jasho kwa kiganja.

"Ilikuwa hivi?" akauliza. "Ilikuwa namna hii?"

"Ilikuwa namna hii."

Alinitazama kwa macho yale makubwa, machozi yakimwingia kwenye ndevu, na nilimwona anahesabu kitu ambacho hakuna mtu kwetu aliyewahi kukihesabu.

"Na ulisimama?"

"Nilisimama."

"Hukukimbia."

"Sikukimbia, Waliaula."

Aliachia mkono wangu, akatafuta kalamu kwa kupapasa, akaweka sahihi. Sahihi yenyewe ilikuwa mstari tu uliopinda. Ondiek alikubali, sindano ikaingia, na kitanda kikasukumwa kwenda chumba cha upasuaji huku mimi nikikimbia kando yake na waya ya breki mkononi.

Mguu ulipona. Haukupona kabisa, anachechemea, na vidole viwili vya mwisho vilikatwa kwa sababu ya saa zile tulizopoteza tukibishana. Lakini anatembea kwa miguu miwili. Madaktari walisema nusu saa zaidi ingetosha kuuharibu.

Siku ya tatu nilikuwa wodini nikimlisha uji. Dawa ilikuwa imeisha nguvu na nyingine haijaletwa, na alikuwa anaguna kila akijigeuza, bila kujificha. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu tangu asubuhi. Wandera akaingia na chungwa kwenye karatasi, akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama mtu wao wa Muhoroni akikunja uso na kufuta machozi kwa shuka. Alishtuka, na mtu akishtuka wakati mwingine hutania kabla hajafikiri.

"Aii, mzee," akasema. "Kumbe na wewe umekuwa Enos."

Kijiko kilisimama hewani mkononi mwangu. Wandera mwenyewe alishika mdomo, maana alikumbuka nani amekaa pale. Waliaula alingoja maumivu yapite. Hakucheka, na hakuniangalia mimi, alimwangalia Wandera.

"Bado," akasema. "Najaribu."